Mwanya wa Ukwapi na Utao

Vitabu vya arudhi vimevitengea vina sura nzima, vimeitengea mizani sura nyingine, na kituo nacho kimepata kurasa zake. Mwanya ulio kati ya ukwapi na utao haukupata kitu. Hutajwa kwa kupita tu, kama mtu anavyoutaja mlango wa nyumba pasipo kusema umechongwa kwa mti gani. Darasani niliuonyesha kwa kiganja: mkono ukishuka, wanafunzi wanavuta pumzi, kisha wanaendelea na kipande cha pili. Ilitosha, kwa kuwa hakimu wa shairi alikuwa sikio.

Siku hizi hakimu si sikio peke yake. Mashairi yetu yanaandikwa kwenye simu, yanasafiri kwa barua pepe, yanahaririwa kwenye kompyuta, na pengine yanapekuliwa na programu kabla jicho la binadamu halijayaona. Safarini humo mwanya ule usio na umbo hugeuka kuwa kitu. Una namba yake, una uzito wake, unaweza kupotea njiani, na unaweza hata kushtakiwa. Nalieleza jambo hili kwa sababu mwaka jana nilishuhudia shairi likihukumiwa kwa ajili ya nafasi zake, wala si kwa ajili ya maneno yake.

Nianze na taipureta, maana ndiyo shule yangu ya kwanza katika mambo haya. Nilipoanza kazi, mitihani ya muhula tuliipiga chapa kwenye stensili, kisha tukaidurufu kwa kuzungusha mkono wa mashine hadi wino ukatapakaa vidoleni. Kila herufi ya taipureta iligonga ule utando wa nta ikaacha tundu la umbo lake, na wino ukapita hapo. Kibonyezo kirefu cha nafasi hakikugonga chochote. Kilichofanya ni kulisogeza gogo la mpira hatua moja kuelekea kushoto. Karatasi haikujua kwamba umekibonyeza. Kwa hiyo katika taipureta nafasi ni mwendo. Ni mahali ambapo hakuna herufi, basi.

Kompyuta haina anasa hiyo. Haina karatasi ya kuiacha wazi, wala haijui maana ya kuacha. Inachojua ni namba zilizopangwa moja baada ya nyingine, na kila tunachokiandika sharti kipewe namba. Herufi *a* ndogo ni 97, *b* ni 98, *m* ni 109. Neno *baba* ndani ya kompyuta ni 98, 97, 98, 97. Sasa ukiandika *baba na mama*, utahesabu herufi 10 kwa macho, lakini kompyuta itahesabu 12, kwa sababu zile nafasi mbili nazo zimepigwa muhuri. Namba ya nafasi ni 32. Kwa kompyuta, 32 si upungufu wa kitu. Ni herufi kamili kama *b* ilivyo herufi, ila imeagizwa isichore chochote.

Namba hizo zilipangwa Marekani na kutolewa mara ya kwanza mwaka 1963, katika jedwali liitwalo ASCII. Jedwali lina namba 128, kuanzia 0 hadi 127. Katika hizo, 95 ni za kuandikia, ikiwemo nafasi yenyewe, na 33 zilizobaki hazichoki kunifurahisha, kwa kuwa si herufi bali ni amri. Zilikusudiwa kwa mashine za simu ya maandishi, zile zilizopokea ujumbe kwa waya na kuupiga chapa zenyewe. Namba 7 ilimwamuru mwenzake upande wa pili agonge kengele. Kengele! Waliowahi kupiga taipureta wanaikumbuka ile iliyolia kila ulipokaribia mwisho wa mstari. Katika ASCII imo, imepewa namba, na hadi leo zipo programu zinazotoa mlio zikikutana na 7.

Namba 127 ni ya kufutia, na sababu ya kuwekwa mwisho kabisa ni nzuri kuijua. Ujumbe wakati huo ulihifadhiwa kwenye utepe wa karatasi uliotobolewa matundu, safu moja kwa kila herufi, na kila safu ilikuwa na nafasi saba za kutoboa. Tundu likishatobolewa halizibiki. Basi mpiga chapa aliyekosea alirudisha utepe nyuma akatoboa matundu yote saba katika safu ile, na safu yenye matundu yote ndiyo namba 127, yaani, pasomwe kana kwamba hapana kitu. Kufuta kulikuwa ni kutoboa zaidi.

Amri mbili zinatuhusu sisi watu wa mishororo moja kwa moja, nazo ni 13 na 10. Kumbuka tena taipureta. Ukimaliza mstari unafanya mambo mawili: unalirudisha gogo mwanzo, na unaizungusha karatasi juu mstari mmoja. Mkono wa chuma uliyafanya yote kwa msukumo mmoja, lakini ni mambo mawili. Namba 13 ni kurudi mwanzo wa mstari. Namba 10 ni kushuka mstari mmoja. Watengenezaji wa kompyuta walipoziacha zile mashine za waya, kila mmoja alirithi kwa namna yake. Mifumo ya Windows ilizishika zote mbili, 13 kisha 10. Ile ya ukoo wa Unix ilitosheka na 10 peke yake. Kompyuta za zamani za Macintosh zilichagua 13 peke yake. Matokeo yake yalimfikia mshairi asiyejua hata moja kati ya hayo: shairi lililoandikwa kwenye mashine ya ukoo mmoja, likifunguliwa kwenye programu nyepesi ya ukoo mwingine, liliporomoka likawa mstari mmoja usio na mwisho. Notepad, programu ndogo ya kuandikia iliyomo katika kila Windows, ilianza kuitambua 10 ikiwa peke yake mwaka 2018 tu. Kabla ya hapo utenzi mzima ungeweza kuonekana kama kamba moja ndefu, na mtu akadhani mtunzi hajui ubeti ni nini.

Jedwali la namba 128 lilitosha kwa Kiingereza, na kwa bahati lilitosha pia kwa Kiswahili cha hati ya Kilatini, kwa kuwa lugha yetu haihitaji herufi zenye kofia wala nukta za ziada. Halikutosha kwa Kiarabu, Kiamhari, Kichina, Kihindi na lugha nyingine nyingi. Mwaka 1991 likatolewa toleo la kwanza la Yunikodi, daftari moja linalokusudia kuipa kila herufi ya kila hati duniani namba yake. Mwaka uliofuata Ken Thompson na Rob Pike walibuni UTF-8, namna ya kuziandika namba hizo katika baiti, yaani vile vifungu vya biti nane. Hekima ya UTF-8 ni kwamba yote yaliyokuwa katika ASCII yanabaki baiti moja kama zamani, na namba kubwa zaidi huchukua baiti mbili, tatu au nne. Sehemu kubwa ya kurasa za intaneti leo zimeandikwa hivyo, pamoja na huu unaousoma.

Daftari la Yunikodi lilipofunguliwa kwa wote, nafasi nazo ziliongezeka. Leo zimo 17 zinazohesabiwa rasmi kuwa nafasi. Ipo nafasi nyembamba, ipo ya unywele, ipo pana ya Kichina na Kijapani yenye upana wa herufi yao moja. Ipo ya hati ya kale ya Ireland iitwayo Ogham, ambayo hati yake huchongwa juu ya mstari mmoja mrefu, kwa hiyo nafasi yake mara nyingi huonekana kama kipande cha mstari mtupu: nafasi inayoonekana! Nje ya hizo 17 zimo alama zisizo na upana kabisa, ambazo hata zikiwa kumi mfululizo jicho halioni kitu. Namba 8203 huonyesha mahali neno linapoweza kukatwa katika lugha zinazoandikwa bila kuacha nafasi kati ya maneno, kama Kikhmer. Namba 8205 huunganisha. Ndiyo inayofanya picha ya baba, picha ya mama na picha ya mtoto kwenye simu yako zionekane kuwa familia moja. Kwenye baadhi ya simu ukiifuta familia hiyo, huondoka mmoja mmoja, mtoto kwanza.

Hapa nitakawia kidogo kwenye hati ya Kiarabu, kwa kuwa ndiyo hati ya kwanza ya ushairi wetu ulioandikwa, na kwa kuwa ndimo alama fiche zinapofanya kazi ya maana kuliko kwingineko. Herufi za Kiarabu hushikana mikono, lakini si zote. Alifu, dali, dhali, ree, zee na wau hazimshiki mwenzao wa mbele. Kwa hiyo neno kama *dada*, likiandikwa kwa hati hiyo, husimama vipande vipande ingawa ni neno moja. Msomaji wa miswada ya zamani anajua kwamba pengo analoliona huenda ni la herufi tu wala si la neno, na sharti asome kwa maana, si kwa macho peke yake. Waandishi wale walilifahamu tatizo hilo. Katika miswada mingi ya tenzi hawakuuachia weupe wa karatasi kazi ya kutenga vipande. Walichora alama ndogo baina ya kipande na kipande, ili pasiwe na ubishi. Na herufi isiyo na irabu hawakuiacha wazi, waliiwekea sukuni, kiduara juu yake. Huo ni utamaduni ulioona kwamba hata ukosefu wa kitu unafaa uandikwe.

Katika kompyuta, herufi ya Kiarabu ina namba moja tu kwa kawaida, na mashine yenyewe huamua ivae umbo la mwanzo, la kati au la mwisho kwa kuwatazama majirani zake. Pale ambapo mwandishi hataki herufi mbili zishikane, ingawa ni za neno moja, huweka kati yake namba 8204. Haichori kitu wala haiachi pengo. Husema tu, msishikane. Waajemi huitumia kila siku katika kuandika viambishi vyao, nao huiita nusu nafasi. Kisha zipo 8206 na 8207, mbili za mwelekeo, moja ikisema kushoto kwenda kulia na nyingine ikisema kulia kwenda kushoto. Yeyote aliyejaribu kuandika ubeti kwa hati ya Kiarabu na kuweka maelezo ya Kilatini kando yake amekutana na mkato unaoruka hadi mwanzo wa mstari kama panzi. Mkato haujui uko katika lugha gani, kwa kuwa hutumika kwa wote. Alama ya mwelekeo ikiwekwa ubavuni mwake, hutulia.

Sasa nirudi kwenye mwanya wetu. Kurasa za intaneti huandikwa kwa lugha ya HTML, na lugha hiyo ina kanuni moja iliyomkera kila mshairi wa Kiswahili aliyewahi kuchapisha humo: nafasi za kawaida zikifuatana, hata zikiwa 20, huonyeshwa kama moja. Kanuni hiyo ina sababu yake kwa wahandisi, ila kwetu ni balaa. Unaandika mshororo huu, nilioutunga kwa ajili ya mfano:

Nafasi nayo ni neno, japo haina sauti

Ukiutenga ukwapi na utao kwa nafasi tano badala ya mkato, ukurasa utakurudishia: *Nafasi nayo ni neno japo haina sauti*. Mizani bado 16, vina bado vipo, lakini kina cha kati kimezama ndani ya sentensi, na msomaji mgeni hatajua pa kupumzikia.

Dawa yake ni namba 160, nafasi isiyovunjika. Kazi yake ya asili ni kuyafunga maneno mawili yasitenganishwe mwisho wa mstari, kama vile tarakimu na kipimo chake. Kwa kuwa HTML haiihesabu pamoja na nafasi za kawaida, haiikunji. Ukiweka mbili au tatu, zote zitaonekana. Katika UTF-8 huandikwa kwa baiti mbili, 194 na 160, na hapo ndipo ilipojifichua kwa wengi wetu bila kujijua: programu ya zamani inayodhani kila baiti ni herufi moja huisoma 194 kama Â. Umewahi kuona ukurasa wa mashairi uliotapakaa A zenye kofia katikati ya mishororo? Hizo zilikuwa nafasi zisizovunjika, zimevuliwa nguo. Ndugu yake ni ule mkwaju wa *ng'ombe*: ukiandikwa kwa alama iliyojipinda, yenye namba 8217, kisha ukasomwa vibaya, hutoka *ngâ€™ombe*, mnyama ambaye hakuna mfugaji anayemjua.

Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni mwalimu na mtunzi mzuri kuliko nilivyokuwa katika umri wake, aliijua dawa hiyo. Hapendi mkato baina ya ukwapi na utao. Nimebishana naye miaka. Mimi ni mtu wa mkato. Ndivyo nilivyosoma na ndivyo nilivyofundisha. Yeye husema mkato ni alama ya sarufi, na kuupachika mahali ambapo maana haikatiki ni kumdanganya msomaji. Alinitungia mfano akiwa amesimama kibarazani kwangu: *Nilimwona mwana wangu* upande huu, *mdogo akitazama* upande ule. "Mwalimu," akasema, "mwana wangu mdogo ni kitu kimoja. Ukiweka mkato hapo umemkata mtoto." Sikuwa na jibu la haraka, na hadi leo ninalo nusu.

Kwa hiyo huacha mwanya. Katika kila mwanya huweka nafasi mbili zisizovunjika, kisha moja ya kawaida. Zile mbili huulinda mwanya usikunjwe. Ile ya tatu huiachia simu yenye kioo chembamba mahali pa kuvunjia mshororo, maana bila hiyo neno la mwisho la ukwapi na la kwanza la utao yangefungwa kama kuku wawili kwa kamba moja. Ni kazi ya mikono, mshororo kwa mshororo, kwa kubonyeza vitufe vitatu kwa pamoja.

Mwaka jana alipeleka shairi kwenye shindano moja ambalo sitalitaja. Shairi lilikuwa na beti 7 za mishororo minne minne. Baada ya wiki kadhaa akaletewa ujumbe kwamba limeondolewa, kwa kuwa programu ya ukaguzi imegundua ndani yake herufi fiche 56, ambazo ni dalili ya maandishi yaliyotungwa na akili unde. Hakupewa nafasi ya kujieleza. Alinipigia simu usiku, na kwa muda mrefu baada ya shikamoo hakusema neno. Shairi lilikuwa la kumlilia mama yake.

Nilimwambia, "Mwanangu, niletee faili lile lile ulilowapelekea." Alipolituma nililifungua kwenye Microsoft Word, nikabonyeza kile kitufe chenye alama ya aya, ¶, kinachofunua yaliyofichika. Kitufe hicho huonyesha nafasi ya kawaida kama nukta inayoelea katikati ya mstari, na nafasi isiyovunjika kama kiduara kidogo juu, kinachofanana ajabu na sukuni. Nikahesabu kwa penseli, kama ninavyohesabu mizani. Beti 7 kwa mishororo 4 ni mishororo 28. Kila mshororo una mwanya mmoja, kila mwanya una viduara viwili. Ishirini na nane mara mbili ni 56. Hapakuwa na hata kimoja mahali pengine: si mwanzoni mwa mshororo, si ndani ya neno, si kati ya maneno ya kipande kimoja.

Sikutaka kuwaandikia waamuzi kwa hasira, kwa kuwa hofu yao si ya bure. Alama hizi zimewahi kutumiwa kwa ubaya. Mwaka 2021 Nicholas Boucher na Ross Anderson wa Chuo Kikuu cha Cambridge walionyesha kwamba alama za mwelekeo, jamaa za zile nilizozitaja kwenye Kiarabu, zinaweza kuyapanga maandishi ya programu yaonekane hivi kwa binadamu na yasomwe vingine na mashine. Wapo pia wanaopachika alama zisizo na upana ndani ya barua za siri ili ikivuja wajue imetoka kwa nani. Na ni kweli kwamba maandishi ya akili unde yanaweza kuja na nafasi zisizo za kawaida. Lakini yanaweza pia kuja bila hata moja. Nafasi isiyovunjika hupatikana katika maandishi yaliyonakiliwa kutoka ukurasa wa intaneti, na hupatikana katika kila kilichoandikwa kwa Kifaransa kwa uangalifu, kwa kuwa adabu ya uchapaji wao inaidai kabla ya alama kadhaa za kusimamia, kama nukta pacha. Kuiona na kusema mwizi ni huyu ni sawa na kumkamata mtu sokoni kwa sababu ana kisu, na yeye ni muuza nanasi.

Hayo ndiyo niliyoandika katika barua yangu, bila mfano wa nanasi. Nikaongeza jambo moja ambalo naliona zito kuliko mengine: mahali zilipo. Alama zilizoingia kwa bahati hutawanyika ovyo. Zilizopandwa kwa siri hufichwa mahali pasipo na sababu ya kuangaliwa. Hizi zilikaa mahali pamoja katika kila mshororo, kati ya mizani ya nane na ya tisa, mara 28 bila kukosa. Nikawaomba wahesabu mizani wenyewe kabla hawajahesabu herufi fiche. Yeyote aliyeziweka alijua ukwapi unaishia wapi, na alijua hivyo katika ubeti wa saba kama katika ubeti wa kwanza. Sikudai kwamba huo ni ushahidi wa nani aliyetunga maneno. Hilo haliwezi kujulikana kwa kuhesabu nafasi, na hiyo ndiyo ilikuwa hoja yangu. Mtunzi mwenyewe aliambatisha picha za daftari lake, yenye mwandiko wa penseli na maneno yaliyokatwa mara mbili tatu. Katika daftari, mwanya ameuchora kwa mkono kama mstari mdogo wa wima.

Jibu lilikuja baada ya mwezi mmoja, sentensi tatu. Shairi limerudishwa katika orodha ya yaliyokubaliwa. Washindi walikwisha kutangazwa. Litaingizwa katika mkusanyiko utakaowekwa kwenye intaneti. Hawakusema lolote kuhusu tuhuma, wala hakuna aliyemwambia pole. Yeye alisema hajali zawadi, na nilimwamini nusu. Alichojali ni kwamba katika ukoo wao watu walikwisha kusikia kwamba shairi la msiba wa mama yake lilitungwa na mashine, na habari ya namna hiyo hairudi ilikotoka kwa barua ya sentensi tatu.

Mkusanyiko ulitoka. Tuliusoma pamoja, yeye kwenye simu yake na mimi kwenye kompyuta ya mjukuu wangu. Jina lake limeandikwa sawasawa, kichwa cha shairi kipo, beti zote 7 zipo. Ila kabla ya kuliweka walilipitisha katika programu ya kusafisha, na programu ile imeondoa herufi fiche zote 56 bila kuweka chochote mahali pake. Katika kila mwanya imebaki nafasi moja ya kawaida, namba 32. Mishororo inasomeka kama sentensi za gazeti. Nilimwuliza kama niandike barua nyingine. Akafikiri kidogo, kisha akaniomba kalamu na karatasi, akalinakili shairi zima kwa mkono palepale mezani, huku mwanya wa ubeti wa kwanza akiuacha mpana kuliko yote.